Mama mkwe anataka mwanangu atolewe "meno ya plastiki", na mimi ni mjamzito fizi zinatoka damu

MamaKwaraa

Habari zenu wapendwa. Niko Babati nyumbani kwa wakwe, mume yuko kazini Dar. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na mwezi mmoja, na tena nina mimba ya wiki 22. Mtoto anaharisha tangu juzi, usiku anachemka, na mate yanamtoka mpaka nguo inalowa kifuani. Jana mama mkwe alimlaza mapajani pale mlangoni penye mwanga, akamfunua mdomo, akanionyesha fizi ya chini. Kushoto na kulia, mahali chonge zinapoota, kuna vivimbe vyeupe. Akaniambia, "Haya ndiyo meno ya plastiki. Yasipotolewa, mtoto huyu tutamzika." Kijiji cha jirani kuna mzee anayetoa, na mume wangu alitolewa akiwa mdogo. Wameshapanga Jumamosi.

Mama mkwe simdharau hata kidogo. Usiku ndiye anayembeba mtoto ili mimi nilale. Sitaki kugombana naye, ila moyo wangu umekataa kabisa.

La pili ni langu mwenyewe. Fizi zimevimba, nikipiga mswaki natema damu, nikitafuna hindi la kuchoma linabaki na alama za damu. Gego moja la chini limetoboka na usiku linanikosesha usingizi. Kliniki nilipouliza niliambiwa nisubiri nijifungue, kwamba sindano ya ganzi ina madhara kwa mtoto tumboni. Shoga yangu naye anasema kila mimba huondoka na jino lake. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi.

Nuru_S

Pole dada. Usisubiri hiyo Jumamosi, mtoto aende kituo cha afya leo. Kuharisha na joto kwa umri huo si vya kukaa navyo nyumbani. Anakojoa vizuri? Machozi yanatoka akilia? Mpe ziwa kila anapotaka, usilipunguze kwa sababu una mimba.

TabibuKinywa

Dada MamaKwaraa, pole kwa kuuguza ukiwa na mimba. Mimi ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya, kanda hiihii ya kaskazini, na haya ya meno ya plastiki ninakutana nayo tangu nilipoanza kazi. Nianze na mtoto.

Vivimbe ulivyoonyeshwa ni chonge zake za utotoni. Mtoto huzaliwa meno yote 20 ya utotoni yakiwa yameshaanza kujengeka ndani ya taya. Chonge huchelewa kutokeza, mara nyingi kati ya mwezi wa 16 na wa 23, kwa hiyo kwa umri wa mwanao ziko chini ya fizi zinaisukuma, ndiyo maana pale panaonekana peupe. Jino ambalo halijakomaa ni laini. Mzee akichokonoa anatoa kitu cheupe chenye ulaini wa plastiki, kila aliyesimama pale anakiona kwa macho yake na anaamini. Alichokitoa ni jino zima la mtoto lililokuwa bado linajengwa.

Kuharisha kunaangukia umri huohuo kwa sababu nyingine. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako imepungua, ameanza chakula cha familia, anatambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, hivyo mtoto aliyetolewa meno siku ya tatu anaonekana amepona siku ya tano, na sifa zinakwenda kwa mzee.

Sasa hatari yenyewe. Kinachotumika ni spoki ya baiskeli iliyochongwa ncha, wembe au kisu kidogo, bila ganzi, na kifaa hichohicho kinapita midomoni mwa watoto kadhaa. Hapo pana pepopunda, virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mtoto anayeharisha tayari amepungukiwa maji. Ukimwongezea kupoteza damu, na kidonda kinachomfanya asiweze kunyonya, ndipo wanapoletwa kwetu wakiwa wamelegea, na wengine hatuwapati tena.

Aliyepona naye ana deni la baadaye. Nilimhudumia msichana wa kidato cha kwanza, mrembo, anayecheka akiwa ameziba mdomo na kiganja. Taya ya chini upande wa kulia hakuwa na chonge kabisa. Upande wa kushoto ilikuwepo, ndogo, ya kahawia, imelala kuelekea ulimi, na meno ya jirani yalikuwa yameshasogea kuiba nafasi. Mama yake alisema binti hajawahi kung'olewa jino. Nilipomuuliza habari za plastiki akasema, "Hiyo bibi yake alimpeleka, alikuwa mchanga." Chonge ya ukubwani hutungwa jirani kabisa na ile ya utotoni, na spoki ikiingia pale inaharibu zote mbili.

Leo hii fanya hivi. Mpeleke kituoni apimwe malaria kwa sababu ya hilo joto. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu ziko za lita moja na za nusu lita. Kila akiharisha anywe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko, polepole. Ataandikiwa na zinki, kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, naye avimalize hata kuharisha kukikoma. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, au choo kina damu, usingoje asubuhi.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimwambie kwamba ni mila potofu. Huyo anaogopa kumzika mjukuu, na enzi zake wengi walizikwa kwa kuharisha. Mwambie, "Mama, naomba unisindikize hospitali, wewe umbebe." Mhudumu amweleze yeye. Na mumeo umpigie simu ajitazame kwenye kioo. Taya ya chini, ahesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda pembeni: la kwanza, la pili, la tatu. La tatu ndilo chonge. Akutumie picha.

Sasa wewe. Sindano ya ganzi tunayotumia kwa meno, lignokaini, ni salama kwa mjamzito. Uko katika kipindi kizuri kuliko vyote cha kutibiwa meno, kuanzia wiki ya 14 hivi hadi ya 27: kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa kubwa kiasi cha kushindwa kulala kwenye kiti. Jino linalouma linatibiwa wakati wowote wa mimba. Inaniuma sana kila mama anapoambiwa asubiri ajifungue, kwa sababu gego lililotoboka halisubiri. Linageuka jipu, uso unavimba, anashindwa kula, na hapo mtoto tumboni ndipo anapopata shida. Hata picha ya eksirei ikihitajika inapigwa, unavalishwa aproni ya kinga.

Damu ya fizi ni homoni za mimba. Zinafanya fizi ziwe kali dhidi ya ukoga ambao zamani zilikuwa zinauvumilia. Ukipunguza mswaki kwa kuogopa damu, ukoga unazidi na damu inazidi. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, hasa pale panapotoka damu, na uombe ukwanguliwe ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu. Ukitapika, sukutua kwa maji kwanza, mswaki subiri kama nusu saa, maana asidi ya tumbo imelainisha meno.

Kila mimba na jino lake si kweli. Mtoto hachoti madini kwenye meno yako. Meno ya wajawazito yanaharibika kwa kutapika, kwa kulakula vitamu mchana kutwa, kwa kuacha mswaki, na kwa hiyo "subiri ujifungue". Kama unakula udongo wa sokoni, mwambie mkunga, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na mchanga uliomo unasaga meno.

Maumivu tuliza na parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue dukani, vilevile tetrasaiklini na doksisaiklini. Hizo mbili za mwisho zinatia rangi meno ya mtoto aliye tumboni.

Msafiri62

Tabibu naheshimu elimu yako, ila mimi ni mtu wa Singida, nyumbani tumetolewa wote na tuko hai. Mdogo wangu wa mwisho alipelekwa zahanati, akapewa dawa, hakuna nafuu. Alipotolewa plastiki akapona wiki ileile. Wazee hawakuwa wajinga.

TabibuKinywa

Mkuu, wazee hawakuwa wajinga, nakubaliana nawe. Waliona mtoto anaharisha, wakaona fizi imevimba, wakaunganisha. Hawakuwa na namna ya kuona ndani ya taya. Mdogo wako nafurahi alipona, na dawa za zahanati pamoja na siku zilizopita zilimsaidia pia. Nawafikiria wale ambao hawapo leo kuandika hapa kwamba walitolewa. Nakuomba nawe utazame kwenye kioo, uhesabu hadi la tatu.

MamaKwaraa

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tulikwenda, mama mkwe akambeba mwenyewe. Malaria hana. Tumepewa ORS na zinki, na leo amekunywa uji. Muuguzi alimulika mdomo kwa tochi ya simu, akamwonyesha mama meno ya mbele yaliyokwisha kutoka, akamwambia na haya yanafuata njia ileile. Jioni mume akatuma picha. Chini kushoto, la tatu halipo, na jino la nyuma yake limepinda kuja mbele. Mama aliishika simu muda mrefu, akasema hajawahi kujua kama ni kwa sababu hiyo. Jumamosi hatuendi. Amesema zinki iishe kwanza ndiyo aone, nami nimeridhika na hapo.

Nimepata tarehe ya jino langu wiki ijayo. Swali moja limebaki. Watoto wengi huku wana meno ya kahawia, na shemeji anasema yanaletwa na dawa ya meno, nisimpake mtoto. Je, nimwanzishe?

TabibuKinywa

Hongera sana, na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Kahawia hiyo inatoka kwenye maji. Manyara, Arusha na sehemu za Kilimanjaro zina miamba ya volkano yenye madini ya floridi, na visima vingi vinapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Rangi inaingia wakati jino linajengwa ndani ya taya, kwa hiyo wanaoathirika ni watoto hadi miaka 8 hivi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Uji na maji ya kunywa ya mtoto tumia ya mvua mkiyapata, yachemshe kuua vijidudu, na kwenye maharage yake msitie magadi, nayo yana floridi.

Dawa ya meno mwanzishe sasa, kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na usiku baada ya ziwa la mwisho, wewe ndiye umpige mswaki. Akifika miaka 3 ongeza hadi ukubwa wa mbegu ya mbaazi. Tyubu isikae anapoifikia, watoto huilamba.

Siku ya jino lako nenda umekula, beba kadi ya kliniki, na utaje wiki za mimba kabla ya ganzi. Omba uwekewe mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ili ulalie kushoto kidogo, vinginevyo tumbo litakandamiza mshipa mkubwa wa damu na utaona kizunguzungu.