Mustang ya 66 ina V8 lakini ekseli na breki bado za silinda sita, nianzie wapi?

mtoto_wa_Tandika

Wakuu habari za huko mliko. Mimi nipo Pittsburgh, Pennsylvania, mwaka wa tisa huu, na mwaka jana nilijaaliwa kupata gari niliyoitamani tangu nafika huku, Ford Mustang ya 1966. Ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita ila aliyekuwa nayo kabla yangu akaitoa akaweka V8 ya 302 (silinda nane, ujazo wa inchi 302), na injini yenyewe iko vizuri sana sina ubishi, tatizo ni kwamba alibadilisha injini akaishia hapohapo. Nyuma bado kuna kile kiekseli kidogo cha silinda sita, matairi yanashikwa na nati nne nne, na breki ni dramu, zile za ngoma, pande zote nne, zile ndogo za inchi 9.

Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa nashuka kutoka Mount Washington kuja mjini, wanaopajua wanajua ule mteremko, na mwanangu nimemkalisha pembeni. Breki ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu pedali ikazama laini kama nakanyaga sponji hadi karibu na sakafu na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikarudisha gia ya chini, nikavuta handbreki polepole, gari ikaja kusimama nyuma ya basi umbali wa kama hatua tatu. Tangu siku hiyo sijaiwasha.

Mpango wangu ni kutafuta ekseli ya Ford Explorer kwenye skrepa, ile wanayoita 8.8, kwa sababu inakuja na breki za diski tayari na difu yake, lile boksi la gia la katikati, ni ngumu (hiyo 8.8 ni upana wa gia yake kwa inchi). Nimeshaona moja wanataka dola 180. Maswali yangu, je nikiifunga hiyo tatizo la breki litaisha? Na inaingia moja kwa moja au kuna kukata na kuchomelea? Vifaa ninavyo, stendi nne, grinda, na jamaa yangu ni mchomeleaji kabisa ndo kazi yake.

fundi_wa_Houston

Pole sana ndugu yangu, mshukuru Mungu mlitoka salama wewe na mtoto. Umefanya vizuri kuipaki, iache hivohivo.

Ngoja nikwambie ukweli ambao watu wengi hawapendi kusikia kwa sababu ekseli ndo kitu chenye raha kubadilisha. Ekseli ya Explorer itakupa difu ngumu ya kubeba hiyo V8, na hilo unalihitaji kweli, lakini haitakuponya na ule mteremko. Ukikanyaga breki uzito wote wa gari unakimbilia mbele, pua inashuka, matako yanapanda, nyuma panakuwa pepesi, kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na magurudumu ya mbele. Ukiweka diski nyuma ukaacha dramu za inchi 9 mbele umeimarisha upande usiofanya kazi, na siku ya mvua matairi ya nyuma yatajifunga kabla ya mbele na gari itakugeukia uso uangalie ulikotoka.

Na kuna kitu kinanitisha zaidi ya dramu. Fungua boneti uangalie masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali. Gari za 66 ilikuwa na chumba kimoja tu cha mafuta, kinalisha magurudumu yote manne, maana yake paipu moja ikitoboka au wili silinda moja (kile kipampu cha ndani ya gurudumu) ikivuja umepoteza breki zote nne kwa mpigo. Ni kuanzia modeli za 1967 ndo Mustang zikaanza kuja na masta silinda ya vyumba viwili, mbele kivyake nyuma kivyake. Hicho ndo kitu cha kwanza kununua kabla hujaenda skrepa.

Kwa hiyo masta silinda, halafu diski za mbele, ekseli ije baadaye. Mbele kuna njia mbili, ununue seti kamili mpya au utafute spindo (mhimili wa gurudumu), diski na kalipa (kibano cha pedi za breki) za Ford Granada ya 1975 hadi 1980, zile diski za inchi 11 zinaingia kwenye Mustang yako na zinakuja na nati tano. Sema kwa kuwa yako ni ya silinda sita itabidi ubadilishe na tairodi za nje (vyuma vya usukani vinavyogeuza gurudumu), za kwako ni nyembamba. Na rimu jaribisha kwanza, zile za zamani za inchi 14 nyingine zinagusa kalipa.

dada_wa_gereji

Nakubaliana na fundi hapo juu kuhusu mbele kwanza. Ila nijibu lile swali la ekseli kwa sababu mimi nimeifanya hii kazi na mikono yangu hapa Minnesota, kwa 65 ya mume wangu, na nilipoteza weekend tatu kwa vitu ambavyo hakuna aliyeniambia.

Haiingii moja kwa moja kaka. Ekseli yako ya sasa kutoka uso wa gurudumu mpaka uso wa gurudumu ni kama inchi 57 na robo, ya Explorer ni kama 59 na nusu, tairi litatokeza nje na kugusa bodi. Tena ile ya Explorer difu haijakaa katikati, bomba la upande wa dereva ni refu kuliko la abiria. Hapo ndipo kuna ujanja mzuri, unakata ule upande mrefu karibu inchi 3 kisha unaweka shafti fupi mbili, moja ile iliyokuja nayo na nyingine unang'oa kwa Explorer ingine pale pale skrepa. Hulipi mtu kukata shafti, na difu inarudi karibu na katikati. Lakini kukata na kuunga hilo bomba si kazi ya macho, linataka chuma kirefu kilichonyooka kinachopita ndani kulishika kwenye mstari, likipinda kidogo tu beringi zitalia na oili sili zitavuja kila mwezi. Kama jamaa yako hana hicho chuma mpelekee mwenye kazi hiyo.

Halafu vile vikalio vya springi vya Explorer vyote vinakatwa, unachomelea vyako. USICHOMELEE gari ikiwa imening'inia! Weka ekseli chini ya gari, funga yubolti kwa kulegeza, shusha gari uzito wote ukae kwenye springi, pima mdomo wa difu uangalie sambamba na gearbox, piga alama za nukta, ndio utoe umalizie chini. Mimi mara ya kwanza nilichomelea gari ikiwa juu, nilipoishusha pembe yote ikaharibika na gari ikawa inatetemeka kutoka 80 kwa saa, nikakata tena. Na uchomelee vipande vifupi vifupi ukipumzika, joto likizidi bomba linajikunja kama ndizi.

Vitu vidogo: bomba la Explorer ni nene, inchi 3 na robo, kwa hiyo yubolti zako hazitatosha. Propela yako ina krosi inayoshikwa na yubolti ndogo, Explorer ina flenji ya mviringo yenye bolti nne, utahitaji flenji ya kuunganisha, na usikate propela hadi ekseli iwe imekaa. Handbreki ya Explorer iko ndani ya diski, ni kadramu kadogo kamejificha humo, keboli zako hazifiki bila kuunganisha.

Ukienda skrepa tafuta Explorer ya 1995 hadi 2001, za kabla ya hapo nyuma ni dramu. Angalia kibati kwenye kifuniko cha difu, ikiandikwa 3L73 hiyo L katikati maana yake ina Traction-Lok, matairi yote mawili yanavuta. Kibati kikiwa kimeliwa na kutu angalia stika ya mlango wa dereva sehemu ya ekseli, D4 ni hiyo hiyo. Na beba grinda ya betri, huko kwenu chumvi ya barabarani imeshakula hizo nati zote.

mzee_wa_Maverick

Vijana shikamooni hamwitikii, basi nasema hivyo hivyo. Nimeishi na hizi gari huku Georgia miaka mingi na ninaona haja ya kumtetea dramu kidogo. Mwanangu, kwa gari ya kutembelea Jumapili ekseli ya inchi 8 kutoka Mustang nyingine ya V8 ya 65 au 66 inakutosha kabisa, inaingia bila kukata hata uzi mmoja, ina nati tano, na dramu zake ni za inchi 10. Diski nyuma ni nzuri ila si lazima.

Lakini kabla ya kununua chochote fungua hizo dramu ulizonazo uangalie. Breki ya dramu iliyofungwa sawasawa haizami mara ya tatu kwenye mteremko mmoja. Kila gurudumu lina shuu mbili (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) na haziko sawa, yenye lainingi, ule uso wa msuguano, fupi inakaa upande wa mbele ya gari na ndefu upande wa nyuma, kwa sababu ile ya mbele ikigusa dramu inabebwa na mzunguko inaisukuma ya nyuma, hapo ndipo nguvu inapotoka. Mtu asiyejua anaweka fupi mbili gurudumu moja na ndefu mbili jingine, nimeyaona hayo mara nyingi mno. Na kile kigurudumu cha meno cha kujirekebisha kina cha kulia na cha kushoto, vikibadilishana badala ya kukaza vinalegeza kila ukikanyaga breki ukirudi nyuma.

Jambo moja nakuomba sana, usipulize vumbi la ndani kwa upepo wa kompresa. Shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa tupa ndani ya mfuko uliofungwa, na mtoto asiwepo hapo.

mtoto_wa_Tandika

Marahaba haiwezekani mzee wangu, shikamoo wewe! Na asanteni wote, sikutegemea majibu haya.

Jana jioni nimefungua zote nne kama mzee alivyosema. Mbele kushoto kuna shuu fupi mbili. Mbele kulia ndefu mbili. Nimekaa chini nikaziangalia muda mrefu, zimeng'aa kama kioo kwa kuungua na dramu ina michirizi ya bluu. Nyuma kulia nilipovuta kile kimpira cha wili silinda mafuta yakamwagika mkononi, shuu yote imelowa. Na masta silinda ni ya chumba kimoja, fundi umepatia.

Kwa hiyo nimeamua, nimeagiza masta silinda ya vyumba viwili na mwezi ujao nanunua diski za mbele. Nyuma nataka kufuata njia ya mzee, ekseli ya inchi 8 na dramu za inchi 10, ya Explorer nitaifikiria nikipata yule mwenye chuma cha kunyooshea. Swali la mwisho, diski mbele na dramu nyuma, paipu zinaungwa vipi? Kuna kitu cha kuweka katikati?

fundi_wa_Houston

Umeamua vizuri sana. Viko viwili. Kwanza dramu za nyuma zinataka kavalvu ka kubakiza presha kidogo kwenye paipu, psi 10, ili wili silinda zisinyonye hewa ukiachia pedali. Upande wa diski hicho usiweke kabisa, pedi zitabaki zimebana na diski itapikwa ukiwa unatembea. Baadhi ya masta silinda zinakuja nacho ndani, muulize anayekuuzia kabla hujaongeza cha pili. Cha pili ni valvu ya kupunguza presha ya nyuma, ile yenye kishikio cha kuzungusha, inakaa kwenye paipu ya nyuma peke yake. Ukimaliza kutoa upepo kwenye paipu tafuta parking tupu yenye lami kavu, nenda spidi ndogo ukanyage kwa nguvu, mtu asimame pembeni aangalie ni matairi yapi yanaanza kujifunga. Yakiwa ya nyuma punguza presha, rudia, mpaka ya mbele yatangulie.

Na pedali itakuwa nzito kuliko ulivyozoea, diski hazijisaidii zenyewe kama dramu. Ikikushinda chukua masta silinda yenye kipenyo kidogo kidogo, 15/16 badala ya inchi 1, ukikubali pedali kushuka zaidi kidogo. Na hosi za mpira zote tatu badilisha, hizo usiniulize zina umri gani, badilisha tu.