Viti vya pweza vya miiba (nyota wa baharini) vimevamia mwamba wetu Makoongwe, tuvitoe vipi?

MkukiWaPweza:
Assalaam alaykum jamaa. Mimi nazamia pweza kwa pumzi tu, miwani na mkuki, hapa Makoongwe, Pemba. Juzi kwenye bamvua nimekuta tumbawe la matawi, pana kama meza, nusu yake jeupe pe. Nikadhani ni joto la bahari. Kuinama kuchungulia chini yake: kiti cha pweza kikubwa kama sinia, zambarau na wekundu, miiba mwili mzima. Mikono nimeihesabu 16. Asubuhi ile peke yangu nimeona 23, na si mwamba mkubwa. Vijana wanataka twende na mapanga. Mdogo wangu kishachomwa kidole, usiku kucha hakulala. Nani amewahi kuvitoa akabaki salama?

Nungwi_Pwani:
Panga tu. Sisi tulivikatakata tukavitupa palepale.

AmiKizimkazi:
Kaka wa Nungwi, kwa heshima, hilo usimfundishe mtu. Kiumbe hiki kikikatwa huweza kuota upya mikono iliyopotea, na anayepiga panga chini ya maji ameusogeza mkono wake kwenye miiba.

Mwanangu wa Makoongwe, nimetembeza wageni chini ya maji miaka 11. Kampuni iliyoniajiri ilitupa glovu za bustani na mifuko ya nailoni tukavikusanye. Nikaujaza mfuko, nikaukumbatia kupanda mashuani, wimbi likanisukuma. Miiba 3 ilipenya nailoni na suti ya kuzamia ikaniingia pajani, ikavunjikia humohumo. Nimetapika njia nzima mpaka pwani. Wa tatu ulitoka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo nakuomba: hakuna glovu ya kuiamini, na mfuko laini marufuku. Chombo kiwe ndoo ngumu au kreti ya soda, na mtu asiikumbatie, ifungwe kamba ivutwe kutoka juu.

Kulabu tengenezeni kwa nondo nyembamba, urefu wa mkono mzima. Usikivute kwa nguvu, kimeshika kwa vijiguu vingi na tumbawe litavunjika. Ingiza kulabu chini ya ukingo, kinyanyue polepole upande mmoja, kitaachia. Nendeni maji mafu, mkondo usiwasukume juu yake, na wawili wawili: mmoja anatoa, mwenzake anamwangalia.

Kilichojibana ndani ya matawi kichomeni sindano ya siki, ile ya kawaida ya dukani. Watafiti wa Australia walionyesha kwamba mililita 20 hadi 25 zinakiua ndani ya siku mbili hivi. Sindano kubwa ya mifugo mnaifunga kwenye fimbo, mnachoma pale mkono unapoungana na mwili. Hicho kiacheni palepale. Vya kwenye ndoo vifukieni nchi kavu, visikae majini vimerundikana, maana jike mmoja hubeba mayai mamilioni na akisumbuliwa anaweza kuyamwaga.

Halafu lile jeupe. Kiti hiki hulitoa tumbo lake nje kwa mdomo, kikalilaza juu ya tumbawe na kulinyonya nyama. Ukiona weupe una mpaka kama uliochorwa, mwenyewe yuko karibu. Joto hupausha matumbawe mengi kwa pamoja.

Msitake kuvimaliza vyote. Ni mwenyeji wa bahari hii tangu zamani. Vikiwa vichache havina kosa. Australia huhesabu mlipuko vikifika kama 15 kwa hekta, nanyi kwa 23 kwenye mwamba mdogo mmeshapita. Kule kisiwa cha Chumbe, Unguja, walinzi wa hifadhi, wengi wao waliokuwa wavuvi, wanavitoa kimoja kimoja hivyohivyo. Na yule konokono mkubwa wa kupulizwa kama baragumu, ambaye watu wanamuuzia mgeni, ndiye anayevila. Mkimkuta, mwacheni.

Mwambao wenu uko ndani ya PECCA, hifadhi ya bahari ya Mkondo wa Pemba, basi anzeni na kamati ya wavuvi ya shehia.

Muuguzi_Chake:
Huyo mdogo wako kidole bado kimevimba? Akichomwa tena: toeni miiba inayoonekana, mtieni mkono kwenye maji ya moto anayoyastahimili, kama nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwa mkono usiochomwa, kwa sababu uliochomwa unaweza usihisi ukaungua. Ndimu na mkojo wacheni. Akitapika, akikosa pumzi, au mwiba ukibaki ndani karibu na kiungo, hospitali siku hiyohiyo.

MkukiWaPweza:
Ami, dada, Mungu awalipe. Kidole bado kigumu, kesho nampeleka. Kamati imekubali. Leo tulikuwa wanne, kulabu mbili, ndoo mbili. Tumetoa 31, hakuna aliyechomwa. Kimoja tulipokinyanyua tumbo lilikuwa bado nje, limeng'ang'ania tumbawe kama utando wa uji wa mtama. Tumefukia nyuma ya minazi.

AmiKizimkazi:
Alhamdulillah. Vidogo hujificha mchana mwanangu. Rudini na tochi baada ya Isha, mchungulie chini ya lile tumbawe la meza.