Bandcamp imeuzwa mara mbili, tuhamie kwa ushirika ama tukae?

nyali_beats:
Wadau habari zenu, naomba ushauri. Natengeneza biti hapa Mombasa na tangu 2019 naziuza kwa Bandcamp, ile tovuti ambapo mwanamuziki anauzia mashabiki nyimbo zake moja kwa moja, pesa inaingia PayPal natoa kwa M-Pesa, si nyingi lakini kuna miezi inalipa stima na intaneti. Ile 15% wanayokata nyimbo zikiuzwa sina shida nayo. Kinachoniuma ni hivi, 2022 wakanunuliwa na Epic Games wale wa magemu, 2023 wakauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, mwaka uleule ambao walikuwa wamepigania chama chao cha wafanyakazi mpaka wakakipata. Sisi wenye nyimbo hakuna aliyetuuliza kitu, tulisoma kwenye habari kama watu baki. Sasa nasikia kuna Subvert, jukwaa la kuuza muziki la ushirika, ati wanamuziki ndio wamiliki. Kuna aliyeingia? Nina nyimbo 60, kuzipakia upya si kazi ndogo.

santuri_za_kale:
Swali zuri na limenigusa kwa sababu niliwahi kuwa mwanachama wa Resonate, ule ushirika wa kusikiliza muziki mtandaoni ulioanzia Berlin 2015. Mtindo wao ulikuwa mzuri sana, kusikiliza mara ya kwanza ni senti kidogo, kila ukirudia bei inaongezeka, ukifika mara ya tisa wimbo ni wako. Haki kabisa. Lakini nyimbo zilikuwa chache na wasikilizaji wakawa wachache. Ampled ya Marekani nayo ilikuwa ya wanamuziki wenyewe, ikafungwa. Shida ni mtaji. Angalia Spotify, imeanzishwa 2006 na faida ya mwaka mzima imepata mara ya kwanza 2024, muda wote huo wawekezaji ndio walikuwa wanaibeba. Ushirika nani ataubeba miaka 18? Ukimpa mwekezaji sauti kubwa umeshauza ushirika wenyewe. Mimi bado naunga mkono, ila ingia ukijua hilo.

mtoto_wa_kahawa:
Mimi mamangu ana hisa kwa ushirika wa kahawa huku kwetu Nyeri kwa hivyo hili neno ushirika naliskia tangu utoto, na si utamu tupu. Kuna wakati malipo yalichelewa sana na kamati ikawa haitaki kuonyesha vitabu, wamama wakaenda mkutano mkuu na risiti zao za kupima kahawa wakasoma kilo moja moja mbele ya watu, ilichukua zaidi ya mwaka lakini mwenyekiti akatoka. Hapo ndipo tofauti iko. Kwa kampuni mwenye hisa nyingi ndiye anaamua, na wewe huna hata moja, umefungua akaunti tu. Kwa ushirika mama wa miti 200 na mzee wa miti 3000 kila mtu ana kura moja. Lakini kama wale wamama wangekaa nyumbani kura hiyo ingekuwa bure kabisa. Kwa hivyo @nyali_beats usiulize tu kama ni ya wanamuziki, uliza hesabu zinasomwa wapi, kamati inachaguliwaje, na ikitaka kuuzwa kura ngapi zinahitajika.

ngara_sound:
Nakubaliana na huyo wa kahawa. Niongeze tu, usifunge ya zamani. Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo usiofikisha strimu 1000 kwa mwaka, waliamua wao basi, na Bandcamp nayo kesho inaweza kuamua lake. Ingia kwa akaunti yako leo ushushe orodha ya imeili za walionunua, Bandcamp wanakuruhusu. Hao watu ndio mali yako, jukwaa ni duka tu la kupanga.

nyali_beats:
Asanteni sana kweli. Orodha nimeishusha sasa hivi, watu 212, na kuna mmoja wa Japani amenunua kila kitu tangu 2020, leo ndio nimeona jina lake vizuri nikamwandikia kumshukuru. Nitaanza na albamu moja huko Subvert, zile zingine nitaziacha zilipo kwanza. Hayo maswali matatu ya vitabu, kamati na kuuzwa nayaandikia barua leo usiku kabla sijapakia chochote, wakijibu nitaweka jibu hapahapa.