Eti "jazia maji ya bomba"! Huyu bingwa wetu atatumalizia pikapu

Mnamjua, simtaji. Yule ambaye 1HZ, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, kwake ni "gari la makumbusho". Leo mtu kauliza kistaarabu: pikapu ya mtumba kutoka Uingereza imewasha taa ya AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, afanyeje? Bwana mkubwa akajibu: "Jazia maji ya bomba, si maji tu yale."

MAJI. YA. BOMBA.

AdBlue ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini yote. Ukitia ya bomba, chokaa inaziba nozeli inayopuliza kwenye ekzosti, sensa inashtuka, kompyuta inaanza kuhesabu kilomita. Zikiisha, ukizima gari haliwaki tena. Sukuma mpaka Mbarara! Na atakayekuja kukutoza pesa za kufuta programu ya AdBlue kwenye kompyuta ni huyo huyo wa maji ya bomba.

Hapo bado DPF, chujio la masizi kwenye ekzosti. Masizi yaliyojaa mle yanaungua kwenye nyuzi 600 hivi, joto ambalo jamu ya Jinja Road, Kampala, haikupi. Injini ikijaribu kuyachoma inaongeza dizeli. Ukiizima katikati kila mara, dizeli inateremkia kwenye oili. Chomoa dipstiki: ikiwa oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, mwaga yote, usingoje sevisi. Weka oili ya daraja la C3, yenye majivu kidogo, kwa sababu majivu hayaungui, yanakaa mle mle.

1HZ haina hayo yote. Pampu ya kimakanika, nozeli 6, basi. Maji ya bomba hata kwenye rejeta yake hayafai!

Nozeli_Kavu: Banange 😂😂 kesho atasema mafuta ya breki ni juisi ya miwa.

MzeeGiaTano: Mleta uzi, punguza presha. Hiyo 1HZ yako ina belti ya taimingi, kilomita 100,000 unabadilisha. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni. Na kupanda Kabale mnapitwa na lori la matoke.

Mleta uzi: Belti inajulikana. Lakini MAJI YA BOMBA, mzee?

Dada_wa_Ndeeba: Mnagombania AdBlue na dizeli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa! Pampu ya komoni reli, ile ya presha kubwa kwenye injini za kisasa, inalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Ikisagika, unga wa chuma unaingia nozeli zote. Hapo ni kufungua tangi, paipu, kila kitu.

Nozeli_Kavu: Na filta feki je? Maji yanapita kama hayajaona kitu.

MzeeGiaTano: Filta afadhali. Nani ana jani la springi ya nyuma ya Hilux?

Dada_wa_Ndeeba: Lenye jicho au la chini yake?

MzeeGiaTano: La chini yake.

Dada_wa_Ndeeba: Lipo. Ukishafunga, kaza yuboti zinazoshika springi kwenye ekseli tena baada ya safari ya kwanza na mzigo.