Dumu linagonga usiku chumbani, nisaidieni

Mlala Macho: Wakuu, wiki ya pili hii silali. Nina dumu la lita 20, lile la njano la mafuta ya kula, lipo uvunguni. Ikifika saa nane usiku linapiga "ko!" kama mtu anabisha hodi. Mchana jua likikolea, tena "ko!" Mke kashaenda kwao. Niite shehe, au ni kawaida?

Babu Kisogo: Linadai kodi ya pango 😂

Mama Wawili: Mdogo wangu, shida ni mke, dumu unalisingizia. Mpigie mama mkwe.

Fundi Bati: Kawaida. Bati likipata jua linatanuka, usiku linasinyaa na kuvutana na msumari: "ta!" Singida kuna mzee alinitoa mbio na panga, eti nimemwezekea majini. Dumu nalo hewa ikipoa ubavu unaingia ndani, joto likirudi unatoka. Ila likijaa pomoni halipigi hivyo. Lako limejaa?

Mlala Macho: Nusu.

Fundi Bati: Nusu ya nini?

Mlala Macho: Kimiminika tu mkuu.

Mama Wawili: Gongo! Nilijua.

Mlala Macho: Siyo gongo dada. Petroli. Nawapimia bodaboda kwa chupa, sheli iko mbali. Mfuniko nimeukaza na nailoni juu, hainuki. Nikiweka nje wataiba.

Fundi Bati: Weee! Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi, joto likipanda ndiyo unazidi, kwa hiyo hilo dumu linasukumwa kuliko la maji. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Unapikia wapi?

Mlala Macho: Humo humo, mkaa. Lakini jiko naliweka mlangoni.

Mtoto wa Mjini: Chai hii. Mwezi uliopita huyu huyu alisema anakaa ghorofani, anapikia gesi. Picha iko wapi?

Babu Kisogo: Akipiga picha asiwashe kibatari apate mwanga.

Mlala Macho: Ghorofani ni kwa shemeji. Sikuja kugombana. Nikilegeza mfuniko kidogo, sauti si itaisha?

Fundi Bati: USILEGEZE humo ndani! Mvuke wote utajaa chumbani. Zima jiko, dumu litoe nje sasa hivi, kabla hujajibu hapa.

Mtoto wa Mjini: Bado nasubiri picha.

Mama Wawili: Hebu kwanza. Mkeo alikimbia sauti au harufu?