Swila uani Raskazone, na asante ya mlinzi

Swali: Habari zenu wakubwa. Jirani yetu Mjerumani kahamia hapa Tanga, uani kuna rundo la makuti, na mlinzi kaona swila, yule nyoka anayetema sumu. Afanyeje? Na mlinzi apewe kiasi gani akimwondoa?

Jibu: Ndugu, msimfuate na fimbo. Swila hulenga macho, na mate yake hufika mita mbili au zaidi. Mwacheni apate njia ya kutokea. Sumu ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, na mtu asifikiche. Kisha hospitali. Makuti yaondolewe mchana, kwa reki yenye mpini mrefu: panya hulala humo, na nyoka anafuata panya. Zibeni pia mwanya chini ya mlango.

Jibu: Naongeza: akiuma, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, funga banzi kiungo kisicheze, mgonjwa abebwe hadi Hospitali ya Bombo. Asitembee. Msichanje wala kukaza kamba! Kamba inazuia damu, na kama ni moma, ambaye sumu yake huozesha nyama, mguu unaweza kupotea.

Jibu: Kuhusu bakshishi, jirani yenu asitangaze bei ya kila nyoka, tafadhali sana. Watu wataanza kuwachokoa mashimoni, na hapo ndipo wanapoumwa. Mlinzi kumwita mapema tu akiona nyoka kunastahili asante: shilingi 5,000 au 10,000, ampe faragha, kwa mkono wa kulia. Ila buti za mpira na tochi yenye mwanga mkali amnunulie kwanza.