Methadoni au buprenofini kwa anayetumia dawa za TB?

Kijiwe_Temeke:
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Kuna kijana wa bodaboda anavuta unga (heroini), na mwezi huu ameanzishiwa dawa za TB. Anataka tiba, lakini anaogopa foleni ya kliniki kila siku, na vijiweni wanamwambia methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga, ni kutoka unga huu kwenda unga mwingine. Amesikia pia habari za buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Achague vipi?

Mfamasia_Pwani:
Mkuu, tuanze na maneno ya vijiweni. Heroini hupanda kwa dakika chache na kushuka baada ya saa chache, ndiyo maana arosto (mateso ya mwili ukikosa unga) humrudia mtu mara kadhaa kwa siku. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu, na dozi inayotosha humfikisha kesho yake bila stimu wala arosto. Mwili utaizoea, asifichwe hilo, ila atafanya kazi akiwa na akili timamu.

Wengi huvunjika moyo wiki za mwanzo. Siku ya kwanza hupewa miligramu 20 hadi 30 tu, kwa sababu dawa hujilimbikiza: dozi ileile ya Jumatatu huwa na nguvu zaidi Ijumaa. Ikipandishwa haraka, au akichanganya na pombe au valiamu, anaweza kuacha kupumua usingizini. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Aliyeachwa kwenye 40 na bado anarudia unga, dozi haijamtosha. Amwambie daktari, asitoroke.

Sista_wa_Zamu:
Mtego uko kwenye TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini livunje methadoni haraka. Ndani ya wiki mbili hivi, dozi iliyokuwa inamtosha itakata usiku, aamke na jasho na maumivu ya mifupa. Wagonjwa wengine huacha dawa za TB kwa sababu hiyo, na hilo ni hatari kubwa. Kliniki ya methadoni ijue tangu siku ya kwanza ili ipandishe dozi. Akimaliza TB ishushwe hatua kwa hatua, la sivyo itamzidi.

Mfamasia_Pwani:
Sahihi kabisa. Na buprenofini haikwepi hilo, rifampisini huipunguza nayo. Uzuri wake ni kwamba ina kikomo katika kuzuia pumzi, hivyo ni salama zaidi ikiwa peke yake. Kidonge huwekwa chini ya ulimi dakika 5 hadi 10. Kikimezwa, sehemu kubwa hupotea. Asianze kabla arosto haijaonekana, angalau saa 12 tangu unga wa mwisho. Akiwahi, dawa huung'oa unga mwilini na kumwangushia arosto kali papo hapo. Aulize kwanza kama inapatikana: huduma ya serikali, iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011, imejengwa juu ya methadoni, na ni bure.

Kijiwe_Temeke:
Asanteni sana. Akikosa siku kwa sababu ya abiria?

Sista_wa_Zamu:
Siku moja au mbili, arudi mapema na aseme ukweli. Kuanzia siku tatu mfululizo uvumilivu wa mwili umeshuka, dozi ya zamani inaweza kumuua, hivyo hupunguzwa. Zikipita tano, huanza upya. Kwa bodaboda, afike dirishani asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, na siku hizo za mwanzo, kabla dozi haijatulia, asibebe abiria kabisa: usingizi humjia mtu bila taarifa.